Mchongaji na Ufa wa Februari

Wewe unayenisikiliza, kabla sijaanza, tazama ukuta ulio karibu nawe. Kama nyumba yako ni mpya, huenda usione kitu. Kama ni ya zamani, kama ile niliyokaa mimi nyuma ya soko la Jericho, utaona mstari mwembamba unaoanzia kwenye kona ya dirisha na kushuka huku ukiyumba kama mlevi anayetafuta kwake. Usiogope. Mistari mingi ya namna hiyo haina neno. Nataka kukueleza juu ya mtu aliyenifundisha kuitazama, na nitakwenda polepole, kwa sababu katika habari zake kuna mahali ambapo mimi mwenyewe bado napotea, na si vizuri kupotea ukiwa umemshika mgeni mkono.

Nitamwita Mchongaji. Jina lake tulilijua sote, lakini hata katika ofisi ya nyumba, iliyotupangisha sote, walimwita hivyo, naye akaitika. Alitoka Ukambani, na mchana alichonga vinyago pamoja na wenzake katika banda moja upande wa Industrial Area, tezo mkononi, vumbi la mti mpaka kwenye nyusi. Saa kumi alikuwa amerudi. Nyumba yake na yetu zilishikana: ukuta mmoja, yeye upande ule, sisi upande huu.

Sisi tulikuwa watatu. Mimi nilifundisha darasa la nne. Mume wangu aliendesha lori la kiwanda na siku nyingi za wiki alikuwa kwenye barabara ya Mombasa. Na binti yetu Njoki alikuwa na miaka mitano. Ile nyumba tuliipata baada ya kungoja miaka mingi katika chumba kimoja cha mabati, na naomba ulishike hilo vizuri, maana ndilo lililonifunga mdomo baadaye. Vyumba viwili, jiko, sakafu ya simiti nyekundu, choo chetu wenyewe. Kwenye kadi ya upangaji paliandikwa kwamba mpangaji asiguse kuta wala paa. Atakayegusa atarudisha ufunguo. Mlango, mfereji, kioo cha dirisha, hivyo ungejitengenezea na hakuna aliyekuuliza. Ukuta, hapana.

Kila kitu kilichoharibika kwetu alikitengeneza Mchongaji au, niseme ukweli, alinifanya mimi nikitengeneze. Alikuja na kigoda chake, akakiweka mbele ya kitu kibovu, akaketi. Mara ya kwanza nilimletea chai nikidhani anapumzika. Chai ikapoa. Alikuwa akiutazama mfereji wetu uliokuwa ukidondoka, akiusikiliza kama daktari anavyosikiliza kifua. Nilipoanza kumwelekeza, alinionyesha mahali pa kukaa. Alisema mtu akisimama huwa na haraka, na haraka ndiyo inayovunja vitu, si uzee wa vitu.

Baada ya nusu saa aliomba lapa moja la mpira lililochakaa. Nikueleze, maana hata wewe unaweza. Kwanza unafunga koki kubwa. Kichwa cha mfereji unakizungushia kitambaa ndipo ukishike kwa spana, ili shaba isiumwe. Ndani utakuta kiduara cha mpira kilicholiwa. Unakiweka juu ya lapa, unachora ukingo wake kwa penseli, unakata nje kidogo ya mstari, unarudisha. Niliyafanya yote kwa mkono wangu huku yeye akitazama, na mfereji ukanyamaza. Sijui kama nimewahi kujivunia kitu kama nilivyojivunia ule ukimya.

Lakini mfereji wake mwenyewe ulidondoka miaka yote niliyomjua. Aliuwekea mkebe chini. Nilipomwuliza kwa nini hautengenezi, alisema ule ameuzoea.

Nyumba yake ndiyo iliyokuwa mbovu kuliko zote katika safu yetu. Dirisha alilifunga kwa waya. Kile kigoda alichokuja nacho kuponya vya wengine kilikuwa na mguu mmoja mfupi, naye ni mchongaji. Aliketi amelala upande kidogo, kama mtu anayesikiliza siri. Alihubiri kwamba mti haupaswi kutobolewa kwa chuma, na mfuko wa koti lake ulijaa misumari hata ukachanika. Kanisani alikuwa wa kwanza kuimba na wa mwisho kufika. Mimi ni mwalimu, nimezoea kumweka mtu katika fungu lake: huyu mvivu, huyu mwangalifu, huyu ana maneno tu. Yeye kila nilipomweka alitoka.

Chukua habari ya milango. Milango yetu ilikuwa ya mbao, na mbao hunywa mvua hata ukizipaka rangi. Mwezi wa Aprili mlango hufura, ukagoma kwenye fremu. Kosa ambalo watu wa kwetu walilifanya kila mwaka ni kuupiga randa wakati huohuo. Kisha kiangazi kikija mlango hukauka, hurudi udogo wake, na pale ulipopunguza panapita upepo, panya nao wakifuata. Mchongaji alisema sugua sabuni kavu kwenye ukingo, ungoje. Fundi wa nguo aliyekaa mwisho wa safu hakutaka kungoja. Alikuja kuazima randa. Mzee akamwambia imepotea. Ilikuwa chini ya kitanda chake, niliiona. Wiki hiyohiyo, bila kuombwa na mtu, aliingia kwangu na kuupiga randa mlango wangu mara mbili, likatoka ganda jembamba kama la kitunguu. Nikamwuliza mbona wangu, na si wa yule.

"Mlango wako si wake," akasema, akaenda zake.

Nimelifikiria jibu hilo miaka mingi. Pengine mbao zilikuwa za mti mwingine. Pengine ni kwa sababu nilikuwa na mtoto ambaye angeweza kufungiwa ndani. Pengine siku ile aliamka na randa mkononi, basi. Nimejaribu yote matatu na hakuna linalokaa sawa.

Neno lake kubwa lilikuwa "si leo". Umemwomba akutazamie bawaba: si leo. Wazee wa kanisa wamemwomba awe mtunza hazina: si leo. Mkewe, aliyebaki shambani, alimtumia mtu amwulize atakuja lini, naye akajibu palepale mbele yetu kwamba si leo, na jioni hiyo tukamwona anakwenda stesheni na mfuko wa sukari kwapani.

Sasa nije kwenye kuta.

Sehemu kubwa ya Eastlands, upande wetu wa mji, imekaa juu ya udongo mweusi unaonata. Ukipata mvua, hufura kama unga uliotiwa hamira. Jua likiwaka, hunywea na kupasuka mpaka unaweza kuingiza kiganja. Nyumba iliyojengwa juu yake huinuka kidogo na kushuka kidogo kila mwaka, nawe hujui, ila nyufa zinajua. Kiangazi zinafunguka, wakati wa mvua zinajifunga. Mchongaji aliutambua mwendo huu upesi kuliko sisi, nadhani, kwa sababu alishinda na magogo mabichi ambayo hufanya vivyo hivyo.

Kila ufa aliouona, wake au wa jirani, aliubandikia kipande cha karatasi nyembamba ya barua, upana wa vidole viwili, kukatiza ufa kama daraja. Gundi yake ilikuwa uji. Juu yake aliandika mwezi kwa penseli. Karatasi ikichanika, ukuta bado unatembea, usiuguse. Ikikaa nzima masika yote na kiangazi chote, ufa umelala. Sasa unaweza kuujaza, na uujaze kwa kitu laini, chokaa nyingi na simiti kidogo, ili ukuta ukigeuka usingizini usiumie. Ni jambo rahisi kabisa. Hata hivyo mama mmoja wa kanisani kwetu alinivuta kando akaniuliza kama yale makaratasi ni ya mganga, na vijana waliokaa kwenye ngazi za kioski hawakumwacha mzee apite.

"Sasa mzee! Hiyo ukuta umeiandikia barua?"

"Ndiyo."

"Imejibu?"

"Inaandika polepole. Haikusomea kwenu."

Mimi darasani nilikuwa nikifundisha kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Watoto arobaini waliimba methali hiyo pamoja hadi madirisha yakatetemeka. Jioni nikirudi namkuta mzee ninayemheshimu, fundi asiyeshindwa na kitu, ameketi mbele ya ufa, hauzibi. Nikamwambia wazi kwamba ananichanganya. Akasema methali ni ya watu waliojenga juu ya udongo mwingine. Kisha, kesho yake, akaenda kuziba ufa wa fundi wa nguo. Bila karatasi, bila kungoja. Niliacha kuuliza.

Ufa wetu sisi ulikuwa katika ule ukuta tulioshirikiana, juu ya kitanda cha Njoki. Mwaka huo kiangazi kilikuwa kikali. Ilipofika Februari, kidole changu cha mwisho kiliingia ndani ya ufa, na jambo jipya likatokea: ulianza kupitisha sauti. Nilimsikia Mchongaji akikoroga chai. Haikunijia akilini kwamba sauti inayokuja huku inakwenda na huko.

Mimi na mume wangu tulikuwa na mabishano siku hizo. Nilitaka kwenda chuo kuongeza cheti changu cha ualimu. Yeye aliona mtoto bado mdogo, na nani atamwangalia. Hatukupiga kelele. Tulizungumza chini kwa chini, tukidhani hakuna ajuaye. Asubuhi moja maji yamekatika majumbani, pale mferejini pa wote, akina mama wamepanga ndoo, Mchongaji akanisalimu, na kwa upole kabisa akaniambia nimwambie Baba Njoki kwamba masomo hayaozi, mimi niende tu, na mtoto ana majirani.

Alikusudia mema. Lakini akina mama waligeuka wote, mmoja akasema, "Kumbe Mwalimu anatuacha?" nami nikahisi kama nimevuliwa nguo. Nilibeba ndoo ikiwa nusu nikaondoka.

Jumatano ya wiki hiyo nilitoka shule mapema. Mchongaji alikuwa kazini. Nilichukua mkebe mmoja wa simiti na mkebe mmoja wa mchanga, kwa sababu nilidhani kigumu ndicho kizuri, nikakoroga kwenye beseni, nikaujaza ule ufa kwa kijiko, nikishindilia kwa kidole gumba mpaka ngozi ikachubuka. Ile karatasi yake niliing'oa na kuitia motoni. Simiti ilipokauka nikapaka chokaa juu, ukuta ukawa mweupe, mzima. Ufa ukanyamaza. Nilijua ni Februari. Nilijua pia maneno ya kadi. Nilijiambia ni ufa mmoja, na kwangu ni kwangu.

Labda umeshaona kosa, lakini nilieleze kwa ukamilifu. Ufa wa kiangazi ni mlango uliofunguka. Ukiujaza kitu kigumu ukiwa wazi, umeweka jiwe katika mlango. Mvua ikija, udongo unafura, kuta zinataka kurudiana, na jiwe linazizuia. Hapo ukuta hautakuhurumia. Utatafuta mahali pengine pa kuvunjika.

Ukuta ulipapata Jumamosi moja ya Aprili, siku ya nne ya mvua. Asubuhi nilitaka kutoka na Njoki, mlango ukagoma. Nilidhani ni ule ufuraji wa kawaida. Nikavuta, nikavuta tena, nikatazama juu: fremu ilikuwa imepinda, na kutoka kona yake ufa mpya ulikuwa umepanda mpaka darini. Mlango wa nje ulikuwa huo mmoja, na madirisha yana nondo. Nikamwita Mchongaji kwa kupiga ukuta.

"Mwalimu," akasema akiwa nje, baada ya kujaribu kusukuma, "keti."

"Mzee, niko na mtoto."

"Najua. Naye akae."

Tukaketi sakafuni, mimi na Njoki, kama watu wanaongoja basi. Akanieleza kwamba bawaba ziko upande wangu, si wake, kwa hiyo kazi ni yangu. Kila bawaba ina pini katikati. Akapitisha msumari chini ya mlango. Nikatafuta kitu cha kugongea, nikapata mchi wa kinu.

"Ncha ya msumari chini ya pini, ugonge kwenda juu. Anza ya chini. Ukianza ya juu, mlango utakulalia."

Nikagonga. Pini ya chini ikatoka kama jino bovu. Ya katikati ilikataa. Akaniambia niitie mafuta ya kupikia, nihesabu hadi mia. Njoki akahesabu kwa sauti, akiruka sitini na kitu. Ya juu ilipotoka, mzee alisukuma upande wa bawaba, mimi nikashika, na mlango ukaegemea ndani. Tulipokuwa tumesimama pale kizingitini, mtoto ameshika sketi yangu, plasta kubwa kama sinia ilibanduka nyuma yetu ikaanguka juu ya kitanda chake, palepale pa mto.

"Mama," Njoki akasema, "kitanda changu."

Mchongaji alitupita akaingia. Mahali plasta ilipotoka, ufa ulikuwa wazi, na ndani yake simiti ya kijivu, ngumu, mpya. Aliigusa kwa kidole. Uso wake ulibadilika kwa namna ambayo sikuwahi kuiona, ukawa mdogo. Nikajua amenigundua. Nilingoja aseme. Alichukua ufagio wangu akaanza kufagia plasta kutoka kitandani, kidogo kidogo, bila kunitazama.

Jumatatu mkaguzi wa ofisi ya nyumba akafika kwa baiskeli. Alikuwa mtu mtulivu asiye na fujo. Aligonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akachungulia, akafungua daftari, akauliza nani ametia simiti hapa.

Mume wangu alikuwa safarini. Chumbani tulikuwa mimi, Njoki na mkaguzi, na Mchongaji amesimama mlangoni, kofia mkononi. Nikafungua mdomo. Nataka uniamini kwamba niliufungua. Lakini nilikiona kile chumba cha mabati, na Njoki akilala chini ya meza kama zamani, na sauti haikuja.

"Ni mimi," Mchongaji akasema.

Mkaguzi akageuka. "Mzee, wewe unakaa upande wa pili."

"Nilitia kutoka upande wangu. Imepenya."

Mkaguzi alimtazama kwa huzuni, maana alimpenda, kila mtu alimpenda, kisha akaandika. Sheria ilikuwa sheria, na wote tulikuwa tumetia sahihi. Nami nikasimama pale nikistaajabia ule uongo, jinsi alivyoutunga papo hapo, ukaingia sawasawa kama kipande cha mti kilichochongwa kwa kipimo. Mpaka mwisho wa mwezi Mchongaji alikuwa amerudisha ufunguo.

Siku aliyohama nilimpelekea chai. Aliinywa akitazama chini, akaniuliza tu kama mtoto analala vizuri. Nilitaka kumshukuru, kumwomba radhi, sijui lipi kwanza. Akafunga mizigo haraka, yeye wa "si leo", kama mtu anayekimbia. Nilijiambia kwamba mtu mkubwa hataki shukrani. Mume wangu aliporudi nikamweleza yote. Akasema mzee ameshasema lake, sasa mimi nikirudi kusema langu tutakuwa nje wote. Na mwaka uliofuata akaniruhusu kwenda chuo.

Miaka minane ilipita. Tuliendelea kukaa katika ile nyumba, ukuta ukarekebishwa, na mimi kila nilipoutazama niliona deni ambalo halina mahali pa kulipwa. Niliwahi kusikia kwamba anaonekana hapa na pale, lakini sokoni Jericho, alikozoea kununua kila kitu, hakukanyaga tena. Hilo lilinitatiza.

Kisha siku moja, mchana, nikiwa nimekwenda Huruma kuzungumza na mzazi wa mwanafunzi wangu, nikamwona. Alikuwa ameketi kwenye ukumbi mwembamba wa ghorofa ya chini, anasugua mwiko wa ugali kwa msasa. Nywele zimekuwa nyeupe zote. Aliponitambua aliinuka, akageuka kuingia ndani, na kama si magoti yake nadhani angenifungia mlango.

"Mzee," nikasema. "Ni mimi, Mwalimu."

"Nakuona." Akabaki ameshika fremu. "Mtoto yu mzima?"

"Yuko kidato cha kwanza."

Akashusha pumzi. Ndipo akanikaribisha nikae. Nilikuwa nimejiandalia hotuba kwa miaka minane, nikaianza: kwamba nimekuja kumshukuru, kwamba alichotufanyia siku ile hakuna ndugu angekifanya, kwamba alipoteza nyumba ili sisi tubaki na yetu. Alinisikiliza huku kichwa chake kikiinama upande mmoja, kama mimi ninavyomsikiliza mtoto anayesoma kwa ufasaha kabisa ukurasa usiokuwa wenyewe.

"Nilifanya nini?"

"Ulisema ni wewe."

"Lakini ilikuwa mimi."

Akanieleza, polepole, akiutazama ule mwiko. Asubuhi ile mferejini aliuona uso wangu. Akaelewa kwamba siwezi tena kuzungumza nyumbani mwangu, na kwamba sababu ni yeye na masikio yake. Akatafuta simiti. Alijua ni Februari, alijua kuliko mtu yeyote katika safu ile, lakini alijiambia kidogo tu, kwa upande wake, ili sisi tupate tena nyumba ya kuzungumzia bila kusikiwa. Plasta ilipoangukia mto wa Njoki, aliona mkono wake mwenyewe. Tangu siku hiyo hakuweza kupita Jericho. Aliogopa kukutana na mimi, au na mtoto.

Sasa fikiria mahali nilipokuwa nimeketi. Ningeweza kumwacha. Alikuwa ameshazoea mzigo wake, na mimi nilikuwa nimekuja na shukrani, ningeondoka nazo. Nilitazama mikono yake. Nikamwambia. Nikamwambia juu ya Jumatano, beseni, kijiko, karatasi yake niliyoichoma, chokaa niliyopaka juu; kwamba wiki ileile, upande wangu wa ukuta, mimi pia niliziba.

Watoto walipita wakikimbizana, wakaturuka miguu.

"Ungesema, Mwalimu," akasema mwishowe. Sauti yake haikuwa kali. "Ungenipunguzia."

"Ndiyo, Mzee."

"Miaka minane."

"Ndiyo."

Akausugua mwiko. Kisha fundi aliyekuwa ndani yake akamshinda.

"Ulichanganya vipi?"

"Mkebe kwa mkebe."

"Simiti kwa mchanga, mmoja kwa mmoja?" Aliniinulia macho kwa mara ya kwanza. "Mimi nilitia mmoja kwa sita. Na chokaa."

Tulielewa wote wawili. Mchanganyiko kama wake, ukibanwa, husagika na kumwagika. Hauwezi kusukuma ukuta. Wangu ungeweza kusukuma kanisa. Nilitaka kusema hivyo, na nilikuwa nimekwisha kuvuta pumzi, alipotikisa kichwa.

"Lakini yangu niliishindilia sana," akasema. "Niliipiga kwa nyundo. Huwezi kujua. Yaweza kuwa yangu."

Nilimtazama usoni nijue kama anasema kweli. Mimi ni mwalimu, nimewatazama watoto wengi wakinidanganya na wengi wakisema kweli, na kwake sikuona tofauti. Niliporudi wiki mbili baadaye na Njoki, nilimwuliza tena, naye akasema tu kwamba nyundo ilikuwa nzito. Njoki alipewa mwiko. Nami mpaka sasa ninapokueleza haya sijui kama uongo aliousema kwa ajili yangu ni ule wa mbele ya mkaguzi, ambao haukuwa uongo, au ni huu wa pili wa nyundo, au hakuna hata mmoja.

Kwa hiyo, wewe mwenye nyumba ya zamani, siwezi kukuambia yule mtu alikuwa nani. Hili naweza. Ukishaukagua ufa wako, na kabla hujatia maji kwenye simiti, toka nje, zunguka mpaka upande wa pili wa ukuta, bisha hodi, umwulize anayekaa huko kama yeye naye ameziba.